Yai la Baba Mkwe

Kilichoniponza ni mdomo. Wakwe walikuwa wamelala kwetu, na asubuhi mke wangu alipoanza kujinyanyua, nikatangaza kwa sauti ya kufika hadi sebuleni: "Wewe pumzika, mayai niachie mimi." Mke wangu hakujibu. Alijifunika shuka hadi kichwani.

Nikaweka kikaango cha chuma jikoni, nikamimina mafuta, nikapasua yai, halafu ndipo nikawasha moto. Ndiyo, kwa mpangilio huohuo. Yai likatulia kimya, bila hata kuchwaa, nikaona huo ndio ustaarabu. Kumbe ute mbichi ulikuwa unajipenyeza kwenye kila mkwaruzo wa chuma, na joto lilipopanda ukagandia humohumo. Nilipochomeka mwiko nikaambulia kiini kilichopasuka. Yai lenyewe lilibaki chini, limepakwa kama chokaa ya ukutani. Nikakwangua. Nikakwangua tena.

"Mwanangu, unatengeneza gari?" mama mkwe akauliza kutoka sebuleni.

"Hapana mama, mayai yanaendelea vizuri."

Nikajihakikishia kwamba tatizo ni moto mdogo. Nikasugua kikaango kwa waya, nikakirudisha na kufungulia moto hadi mwisho wake, mafuta yakaanza kufuka moshi. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na mafuta mengi ya kupikia hayafuki moshi mpaka yapite 200. Hesabu hiyo niliijua baadaye, yai hilo lilishazikwa.

Yai la pili lilipotua, lilishtuka. Kingo zikajikunja na kuwa kahawia, juu bado ute unateleza kama kamasi. Nikaligeuza. Nikalikandamiza kwa mwiko, nikaligeuza tena, nikalikandamiza, na kila nilipolibana lilitoa sauti ya "pssss", maji yake ya mwisho yakiliaga. Mwishowe likabaki dogo, kavu, linang'aa. Wakati wa kulihamishia sahani likaniponyoka, likapiga mezani, likadunda. Sitii chumvi: lilidunda, nikalidaka hewani.

Nikampelekea baba mkwe. Mzee wa heshima zake. Aliweka kisu, yai likabonyea kisha likarudi lilivyokuwa. Akabadilisha mkono. Alipofanikiwa kukata kipande akakitia mdomoni, akatafuna, akatikisa kichwa kuashiria kwamba ni kitamu, akaendelea kutafuna.

Mama mkwe akainuka bila neno, akaja jikoni, akaninyang'anya mwiko kama askari anayemnyang'anya mlevi funguo. Akaweka kikaango kitupu motoni. Alipodondosha tone la maji likachemka na kukauka palepale. "Bado." Akasubiri, akadondosha jingine, nalo likawa gololi inayokimbia huku na huko. Hapo ndipo akatia mafuta, akapunguza moto, akakizungusha kikaango mpaka mafuta yakaenea, akavuta pumzi mbili tatu na kupasua yai. Likaita kwa sauti ndogo, "chwaa", kama mtu anayenong'ona.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mwiko. Nikapigwa kofi la kidole.

"Liache! Sasa hivi limeshikilia, likishaganda chini litakuachia lenyewe. Wewe unalibandua kabla halijamaliza mazungumzo na chuma."

Akanyunyizia maji kama kijiko kimoja pembeni, akafunika, ili mvuke uivishe juu bila kuligeuza. Haikupita muda mrefu akafunua, akatikisa kikaango, na yai likateleza kutoka upande mmoja hadi mwingine, ute mweupe laini, kiini kinatetemeka. Niliumia, nawaambieni ukweli.

Tulipolipeleka sebuleni, baba mkwe alikuwa bado anatafuna. Alinyoosha kiganja kuomba muda. Kisha akageukia dirishani, akakohoa kwa muda mrefu kwenye leso, na aliporudi mdomo ulikuwa huru. Akala la mama mkwe kwa dakika moja, sahani ikabaki inang'aa.

Wiki iliyofuata mama mkwe akapiga simu.

"Mwanangu, nimekuta kitu kwenye mfuko wa koti la mzee, kimefungwa kwenye leso."

Nikanyamaza.

"Nilidhani ni raba ya kufutia. Nimehangaika kumuuliza siku hizi anaandika nini."