Sufuria Nyepesi, Bei Nzito

Niliambiwa kwamba trela dogo la kulala, lile lenye umbo la tone la maji, ndilo mkombozi wa mtu wa kipato cha kawaida anayetaka kusafiri mbali bila kulipia hoteli. Kuhusu kitanda sina ugomvi na aliyeniambia. Ugomvi wangu ni na kilo.

Trela hili lina upana wa mita 1.2 hivi na urefu wa mita 2.4, ambacho ni kipimo cha ubao mmoja mzima wa plaiwudi, kwa kuwa Wamarekani wengi waliolipenda katika miaka ya 1930 na 1940 walijiundia wenyewe nyumbani. Ndani yake watu wawili hulala lakini hawasimami, na anayetaka kuvaa suruali huivaa akiwa chali, akipiga mateke dari, au hutoka nje akawastarehesha majirani wa kambini.

Jiko liko nyuma kabisa, chini ya mfuniko wa kuinua, na hapo ndipo amani ya nyumba yangu ilipoharibikia. Inatakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela ikalie ndoano ya gari, la sivyo trela litayumba barabarani. Kwa trela la kilo 500, hizo ni kilo 50 hadi 75. Mke wangu akiongeza sufuria moja nyuma ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, mbele kunapungua uzito, nami natakiwa kuhamishia betri mbele. Tumeitoa mizani ya bafuni, tukaitegea chini ya mkono wa trela, ule unaoshikana na ndoano, na sasa tunaisoma sote wawili tukiwa tumepiga magoti, kila mmoja akimtuhumu mwenzake kwa viatu vya ziada. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20, na hilo halina rufaa.

Dawa ya uzito, wanasema, ni kununua vitu vyepesi. Nendeni basi mkaulize bei! Kiti cha kukunja kilichopunguzwa kilo moja kinauzwa kwa bei ya viti vitatu vizito, na kijiko cha titani kinagharimu kama seti nzima ya vijiko vya kawaida, kwa hiyo mtu unalipia gramu ambazo muuzaji hakukupa. Bajeti ya safari imeliwa na maandalizi ya kubana bajeti.

Yamebaki mafuta. Tuseme gari lililozoea lita 8 kwa kilomita 100 linadai 10 likianza kuvuta. Safari ya kilomita 3,000 itameza lita 60 zaidi. Nafuu pekee isiyouzwa dukani ni kupunguza mwendo, kwa sababu ukitoka kilomita 90 kwa saa ukafika 110, upinzani wa hewa hupanda kwa karibu nusu. Nikafurahi, nikapanga upya safari yote kwa mwendo wa 80. Mke wangu akaipitia karatasi, akauliza kwa upole, “Mume wangu, hizi siku zilizoongezeka njiani tutakula nini?” Chakula hicho kina bei yake na kina kilo zake, na bila shaka kitakaa nyuma, jikoni.