Kuvu Nyeusi ya Mkonge: Tuigawe au Tuiunganishe?

Shina la mkonge likioza, ndani hugeuka kijivu kisha jekundu, majani yakawa manjano na mmea ukang'oka kwa mkono. Ukipasua utakuta unga mweusi. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Afrika Mashariki waliliandikia tatizo hili jina moja: Aspergillus niger. Baadaye huko Bahia, Brazil, kunakolimwa mkonge kuliko kwingine duniani, watafiti walisoma jeni kadhaa za kuvu hiyo wakasema mhusika ni Aspergillus welwitschiae. Mwaka 2022 uchambuzi mpana wa spishi nyeusi za Aspergillus ukairudisha welwitschiae ndani ya niger. Mkulima wa Korogwe au Muheza ana haki ya kuuliza: mnabadilisha nini, ugonjwa au lebo?

Wanaogawa wana hoja nzito. Kwa darubini kuvu hizi hazitofautiki, lakini jeni iitwayo kalmodulini, inayotumika kutambua spishi, huzitenga. Tena kuna suala la sumu. Nasaba (yaani koo za kuvu ndani ya spishi) nyingi za welwitschiae zisizotoa fumonisini, sumu ya kuvu, zimepoteza jeni zinazoitengeneza, ilhali nasaba za niger zisizoitoa mara nyingi bado zinazo zote. Hilo si jambo dogo: nasaba iliyokosa jeni haiwezi kuitengeneza sumu hiyo, lakini yenye jeni zilizolala hujui itaamka lini.

Wanaounganisha nao wanajibu kwamba mpaka uliochorwa kwa jeni mbili tatu, kutoka sampuli chache, ni mpaka wa karatasi. Ukiongeza sampuli, jeni moja inakuambia huyu ni ndugu wa yule, nyingine inakataa. Hiyo ni dalili kwamba jeni bado zinachanganyika, yaani ni spishi moja yenye makundi mengi. Kwa upande wa jina, naona hawa wana haki zaidi. Ila kuunganisha jina kusitufanye tutupe kumbukumbu za nasaba, maana tofauti ya fumonisini haikufutwa na mtu kubadili lebo.

Na jina halikuwahi kuwa kipimo cha ukaribu. Mwaka 2005 jenomu (DNA yote ya kiumbe) za A. nidulans, A. fumigatus na A. oryzae zililinganishwa, na protini zao zikafanana kwa takriban asilimia 68 tu, umbali unaokaribia ule wa binadamu na samaki. Zote bado zinaitwa Aspergillus. Kinyume chake, A. oryzae ya kuchachulia mchuzi wa soya na A. flavus ya sumukuvu ya mahindi jenomu zao zinakaribia kuwa moja. Zinatenganishwa kwa sababu ya matumizi: katika oryzae jeni za aflatoksini, sumukuvu hiyo, zimeharibika au zimepotea kwa sehemu, hazifanyi kazi. Ukiona jina, basi, usikimbilie kuamini umejua hatari.

Kulinganisha jenomu kuna mitego yake, na mingi huanzia shambani. Kuvu nyeusi imejaa kwenye udongo na hewani, kwa hiyo unga uliokwangua juu ya shina lililooza huenda umetoka kwa kuvu mpita njia, si ile iliyoozesha shina. Kata vipande vya milimita 5 pale tishu zima inapokutana na iliyooza, vioshe kwa dawa ya klorini ya asilimia 1 kwa dakika moja au mbili, suuza mara tatu kwa maji safi yaliyochemshwa, kisha otesha. Anza kila nasaba kutoka spora moja. Ukiacha hatua hiyo utasoma kuvu mbili kama moja: jenomu inayotarajiwa kuwa na herufi za DNA takriban milioni 35 itatoka milioni 60 au 70, na utadhani umegundua kitu.

Kwenye kutoa DNA, adui ni rangi nyeusi ya spora. Inazuia vimeng'enya vya maabara. Vuna nyuzi changa ndani ya maji ya lishe, siku mbili au tatu, kabla hazijaanza kuzaa spora. Kuisoma kila herufi wastani wa mara 50 kunahitaji kusoma herufi bilioni 1.75 kwa kila nasaba. Mashine zinazosoma DNA kwa vipande vifupi zinatosha kwa kuhesabu tofauti za herufi. Hazitoshi kwa sehemu zinazojirudia karibu na ncha za kromosomu, na ni huko ambako makundi ya jeni za sumu hupenda kukaa.

Programu ya kompyuta ya kutabiri jeni iwe moja kwa sampuli zote. Nasaba mbili za niger ziliwahi kutofautiana kwa maelfu ya jeni, moja ikiwa na zaidi ya 14,000 na nyingine kama 11,200. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilikuwa ukarimu wa programu, si kuvu.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kukusanya mimea migonjwa tu. Bila kuvu kutoka mikonge mizima na udongo wa shamba hilo hilo, jeni yoyote utakayoiita ya ugonjwa inaweza kuwa jeni ya kuvu zote za Tanga. Na hata ukiipata, lazima utie kuvu yenye jeni hiyo kwenye jeraha la miche, tuseme ya mkonge chotara H.11648 wa kituo cha utafiti cha Mlingano, huku miche mingine ikijeruhiwa na kutiwa maji matupu. Kuvu hii huingilia makovu ya ukataji. Jeraha peke yake linaweza kukudanganya.

Kukata majani kwa kisu safi, kung'oa mmea uliooza na kutochukua machipukizi ya mmea mgonjwa hakungoji jenomu. Jenomu inalipa gharama yake kwenye swali jingine: kuvu ilitoka wapi? Kama nasaba za kitaluni na za shambani zinatofautiana kwa herufi chache tu, miche ndiyo iliyobeba ugonjwa, na fedha ziende kitaluni. Kama kila shina lina nasaba yake, kuvu inatoka kwenye udongo wa pale pale, na kuchoma kitalu kizima ni hasara tupu.