Otopailoti Imepagawa, Kumbe Shemeji

Hii imenitokea mimi mwenyewe, na nikikumbuka naona aibu mpaka leo.

Siku hiyo nimekaa nyuma ya boti, mikono kisogoni kama bosi, nampa shemeji semina. Nikamwambia shem, zamani mtu anashika usukani mpaka mabega yanakufa ganzi, siku hizi kuna otopailoti, unabonyeza tu kitufe, inashika digrii 270, yaani magharibi, inasoma dira yake yenyewe, ikiona omo, yaani mbele ya boti, imeenda pembeni inaurudisha usukani, wewe unakunywa chai. Shem akasema kama ni hivyo basi mi naenda kulala. Akashuka chini na spika yake, lile dude la besi la kubeba begani.

Bahari shwari, upepo hamna, tunaenda kwa injini, mwendo wa noti 5, yaani kama kilomita 9 kwa saa, najisikia nahodha kwelikweli. Kidogo tu nasikia nziiii, usukani unajizungusha, boti inakata kulia taratiiibu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nacheki otopailoti: 270, haina wasiwasi hata kidogo. Nacheki dira ile ya kawaida ya maji: 300. Nikajisemea huu ni mkondo. Mkondo unaisukuma boti pembeni, hauwezi kudanganya dira, hilo nalijua vizuri, ila hapo nilikuwa natafuta wa kumlaumu.

Nikazima, nikairudisha boti kwa mkono, nikabonyeza tena. Ikatulia. Sasa inaandika 240 wakati tunaenda 270, nikasema poa, potelea mbali, mradi twende. Nusu saa haijaisha nziiii, safari hii kushoto. Nikazima tena, nikawasha tena, halafu nziiii. Kwenye ramani ya GPS njia tuliyopita imejikunja kama tambi, yaani mtu akiiona anajua nahodha kalewa.

Ikabidi nifungue kitabu cha maelekezo, nilichoapa sitakifungua. Kurasa zimegandana kwa maji ya chumvi, nabandua moja moja, nakuta mchoro wa spika umepigwa X nyekundu: weka mbali na kiboksi cha dira ya otopailoti, sumaku ya spika inaivuruga. Na hicho kiboksi, kadogo kama ngumi, nani alikifunga? Mimi. Wapi? Chini ya kitanda, katikati ya boti, maana ndipo panapoyumba kidogo. Kitanda kipi? Eeh.

Nikachungulia chini. Shem kakumbatia spika kifuani kama mtoto mchanga, anakoroma, godoro lenyewe jembamba.

"Shem, hebu geuka kidogo."

"Nigeukie wapi?"

"Popote."

Akageuka na spika yake ukutani. Nziiii. Boti nayo ikageuka.

Masaa mawili na nusu shemeji ananiendeshea boti usingizini, na mimi niko juu nimeshika kikombe.

Nilimwambia ukweli kwa sababu hamna uongo mwingine uliokuwa umebaki. Hakucheka. Aliamka, akaja juu polepole, akaipiga picha ile tambi ya kwenye skrini, halafu akauliza, "Sasa nahodha, nirudi kulala au umeridhika na mwelekeo?"

Mpaka leo DP yake ni hiyo picha. Hajaandika kitu chini yake. Anasubiri watu waulize, halafu ananitag.