Kabla ya kupamba menyu, tengenezeni kwanza sehemu ya kutafutia

Juzi aplikesheni moja ninayosomea vitabu kwenye simu imeleta apdeti. Nimeifungua asubuhi niko kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba mwingine umeshika simu, na kitabu nilichobakiza kurasa kumi na kitu sikioni. Rafu yangu imehamishiwa ndani ya vile vistari vitatu vya juu kushoto, kule ambako dole gumba halifiki labda uwe umepata siti, na pale ilipokuwa rafu wameweka picha za vitabu vipya vya kununua. Nimeshuka Kariakoo sijasoma hata mstari mmoja.

Sasa mi sipingi kubadilisha. Ile dizaini ya zamani ilikuwa imeshachoka kweli, menyu ina vipengele kumi na nne nilivihesabu siku moja, Vipya, Aina, Waandishi, Mikusanyo, Vya Wiki, mpaka unajiuliza nani anabonyeza vyote hivi. Lakini hebu tujiulize ilijaaje hiyo menyu. Mi naona ilijaa kwa sababu kutafuta hakufanyi kazi. Mtu anaandika neno hapati, analalamika, wanamuongezea kipengele akapapase mwenyewe, kesho analalamika mwingine wanaongeza kingine. Afu anaitwa mtu wa dizaini apange upya, naye afanyeje, anavificha vyote nyuma ya vistari vitatu.

Ukitaka kujua tatizo liko wapi andika "kitabu" kwenye hicho kisanduku. Vyote vyenye "vitabu" havitokei. Andika "jicho" ukose "macho", andika "wimbo" ukose "nyimbo". Wakiweka utafutaji wa neno zima kama lilivyo, ukiandika "lima" huwezi kupata "wanalima" wala "tulilima", na wakiulegeza ili utafute herufi hizo popote zilipo basi unaletewa "mlima", unaletewa "Kilimanjaro", na unaletewa kila mtu aliyewahi kumaliza kitu chochote kwa sababu ndani ya "alimaliza" kuna "lima". Yaani mkulima anatafuta habari za shamba anapewa hadithi za watu waliomaliza shule.

Hii haiji kwa bahati mbaya. Kanuni nyingi za kutafuta zilianza na Kiingereza, ambako neno likibadilika hubadilika mkiani. Mwaka 1980 mtaalamu wa kompyuta Martin Porter alichapisha kanuni zake za kukata hiyo mikia, zikasambaa dunia nzima, na kwa lugha ile zinafanya kazi vizuri tu. Kiswahili chetu kinabadilika kichwani NA mkiani: soma, anasoma, wasiposoma, wamesomeshwa. Wala usidhani dawa ni kukata vichwa ovyo, maana ukikata ki- kwenye kitabu unabaki na tabu, kweli kabisa, na hilo ni neno jingine lina maana yake. Inatakiwa orodha ya maneno yenyewe, umoja na wingi wake, mizizi ya vitenzi, kazi ambayo wanaotunga kamusi zetu wameshaifanya miaka mingi. Kila aliyefundishwa kutumia kamusi shuleni anajua ukikutana na "wamesomeshwa" unaenda kwenye soma. Simu nayo ifundishwe hivyohivyo.

Afu kuna ritifaa, ile alama ndogo ya juu kwenye ng'ombe, hii inaniuma zaidi. Mamdogo wangu anafuga, nikampakulia kijitabu cha ufugaji humohumo kwenye hiyo aplikesheni. Akaandika ng'ombe. Hakuna. Akaandika ngombe bila ritifaa. Hakuna. Kitabu kizima ni cha ng'ombe jamani! Nilipochunguza nikakuta ritifaa ya kwenye kibodi yake imenyooka na ile ya wachapaji imepinda, kwetu sisi ni kitu kimoja ila kwa kompyuta ni alama mbili tofauti kabisa, na kuzifanya zihesabike kama moja ni kazi ya mistari michache ya programu, haimalizi hata asubuhi moja. Mamdogo aliniambia, "Mwanangu, labda mimi ndo sijui kuandika." Mwanamke aliyefundisha darasa la tatu miaka yote ile. Hapo nilikasirika kwa kweli.

Kukosea herufi nako kusiwe kosa la msomaji. Kuna Mohamed, Mohammed na Muhammad, kuna anayeandika zahabu kwa dhahabu, na hesabu ya kupima neno moja liko mbali kiasi gani na jingine, yaani ni herufi ngapi za kubadilisha, kuongeza au kutoa mpaka yafanane, aliiweka Mrusi Vladimir Levenshtein tangu 1965. Haihitaji mtambo mkubwa. Haihitaji hata intaneti, maana maandishi matupu ya kitabu cha kurasa 300 hayafiki MB 1, sasa kwa nini nitafute ndani ya kitabu kilichoshapakuliwa niambiwe niwashe data? Bando la watu lina kazi nyingine.

Hayo yakitengenezwa menyu itapungua yenyewe. Mi zinanitosha batani tatu tu chini, pale dole gumba linapofika: Endelea, Rafu, Tafuta. Endelea inirudishe ukurasa uleule niliouacha, hata mstari uleule, na vitabu vya kuuza viwe na sehemu yao siku nikitaka kununua nitaenda.

Jana nimempigia Mamdogo kumuuliza kama aliipata ile sehemu ya ugonjwa wa kiwele. Kasema kaipata, kwa kufunua ukurasa mmoja mmoja usiku mpaka simu ikaisha chaji, na sasa ameandika namba za kurasa zote kwenye daftari kwa kalamu.