Dakika 10 Tu, Bosi

Kiti cha plastiki na mchanga laini havijawahi kupatana. Na hawa wenye mgahawa wanakuwekea palepale ukingoni, eti uione bahari vizuri. Unaketi na heshima zako zote, kofia ya majani kichwani, mguu mmoja wa nyuma unaanza kuzama. Unajiweka sawa, unazama wa pili. Menyu ikifika umeshalala chali kama mgonjwa wa kung'olewa jino, unaagiza chakula ukiwa unatazama mawingu.

Haya, kiti tumekisamehe. Tumesamehe nzi, tumemsamehe na paka anayekuhesabia kila tonge. Moshi wa jikoni nao, ambao upepo uvume utokako unaijua meza yako tu. Lakini hili la "bei kwa uzito" halisameheki. Menyu nzima ina bei, mpaka chupa ya maji, isipokuwa kile kitu kimoja kilichokutoa hotelini.

"Uzito wa nani, ndugu yangu?"

"Wa samaki, bosi."

"Akiwa na kichwa?"

"Sasa bosi, bila kichwa utamjuaje?"

Jibu huna. Analetwa kwenye sinia, amelazwa juu ya barafu, na mhudumu kafunika shavu la samaki kwa kidole gumba. Hicho kidole ndicho cha kuomba kiondoke. Mashavu yakifunuliwa yanatakiwa yawe mekundu. Yakiwa ya kahawia, huyo ana historia ndefu. Jicho liwe angavu na limetuna, si lile lililozama likapiga ukungu. Mbonyeze ubavuni: nyama ikirudi, vizuri, shimo likibaki, mrudishe yeye. Na anukie bahari, asinuke samaki.

"Kavuliwa asubuhi, bosi."

"Asubuhi ya lini?"

Anacheka. Anampeleka kwenye mizani na sinia lake na barafu yake. Ukimwambia aishushe mizani mpaka sifuri kwanza, anakutazama kwa huruma. "Sinia hili jepesi, bosi." Jepesi! Basi alitoe, si jepesi? Kwa sababu samaki mzima wa kilo 1, ukiondoa kichwa, utumbo na mifupa, nyama utakayokula ni kama nusu, mara nyingi pungufu. Kambakoche ndiye balaa zaidi: gamba linapimwa, miguu inapimwa, ndevu zinapimwa, na kinachoingia tumboni ni kama robo hadi theluthi. Halafu wakuongezee barafu? Hiyo barafu wangekutilia kwenye soda, kwanza imekuja ya moto.

Ndipo unauliza itachukua muda gani, na unaambiwa dakika 10.

Tupige hesabu kwa adabu. Mkaa haujawashwa, mpaka uvae majivu meupe ni dakika 20 hadi 30. Kumparua magamba, kumtoa utumbo, kumchanja na kumpaka viungo, 10. Kumchoma wa kilo 1 mpaka nyama iachane na uti wa mgongo, 20 au zaidi. Hiyo ni karibu saa nzima, na bado hatujamhesabu kijana aliyetumwa ndimu. Nani alimwomba adanganye? Akisema saa moja, mtu anaenda kuogelea, anarudi na njaa ya maana!

Hapo hapo jikoni wanambandika juu ya wavu wa baridi, naye bado analowana maji. Wavu upate moto kwanza, ufutwe kwa kitambaa cha mafuta, samaki akaushwe, kisha aachwe. Ngozi ikiiva itajiachia yenyewe. Wao wanamgeuza kila dakika 2, ngozi inabaki kwenye wavu, na ilishapimwa kwenye mizani.

Ngisi usimguse mahali pa haraka-haraka. Anataka dakika 2 au 3 za moto mkali, au achemke taratibu zaidi ya nusu saa. Katikati ya hapo utatafuna mpaka likizo iishe.

Na jodari aliyeachwa juani, hapa sitanii. Histamini, ile sumu inayojitengeneza kwenye nyama yake akikaa kwenye joto, ikishajaa humo, hata umchome awe mkaa, haitoki. Mdomo ukikuwasha pilipili ambayo haikuwekwa, weka uma chini. La sivyo uso utakuwaka, kichwa kitakugonga, na mhudumu atasema ni jua.

Jua lenyewe nalo! Umekaa kivulini saa 7 mchana, lakini mwavuli hauna habari na hizo dakika 10. Jua linashuka magharibi, kivuli kinatambaa kwenda mashariki, na samaki anapofika kivuli kiko meza ya jirani, ambako hakuna mtu. Muulize mhudumu kama mwavuli unasogezwa.

"Umemwagiwa zege, bosi."

Viti ndio hawakuvikumbuka.