Jina limehifadhiwa, mtaa umetajwa

Habari za watoto waliobakwa au kulawitiwa zina mtindo wake hapa Tanzania. Aya ya kwanza: mwanafunzi wa darasa la tatu, jina limehifadhiwa. Aya ya pili anakuja mama mzazi kwa majina yake yote, kitongoji anachoishi, pengine na shule. Kwa msomaji wa mkoa mwingine mtoto kafichika. Kwa majirani na wanafunzi wenzake, ambao ndio ataendelea kuishi nao, kaanikwa. Kwenye picha uso umefifishwa, lakini nembo ya shule inasomeka.

Waandishi wana hoja, tena si nyepesi. Habari isiyo na mahali wala majina haimshtui mtu. Kesi nyingi huzimwa kifamilia, watu wazima wakaelewana juu ya kichwa cha mtoto, na wakati mwingine ni mwandishi aliyepiga hodi ndiye anayefanya jalada litembee. Kumtaja mwalimu aliyefikishwa mahakamani huwapa wazazi wengine sababu ya kuwauliza watoto wao. Hapo nawaunga mkono. Ila mshtakiwa akiwa baba mzazi, ukimtaja yeye umemtaja mtoto. Bora jina liachwe, hata kama mzee huyo atanufaika na sitara asiyostahili.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Idadi kama hiyo si kazi ya watu wasiojulikana wanaovizia vichakani, ingawa vichwa vya habari hupenda kutuonyesha "mnyama" aliyefungwa miaka 30 na kutuacha tukipumua.

Kinga hupewa sentensi moja ya mwisho: kamanda wa polisi awataka wazazi kuwa makini. Makini vipi? Mara nyingi mama huwa keshasimulia humo humo jinsi alivyomwogesha mtoto na kufua nguo kabla ya kutoa taarifa. Mwandishi ananukuu na kupita. Mistari mitatu ingetosha: kuoga na kufua kunaweza kupoteza ushahidi, dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.