Kadi ya R4 kwenye DS ya mtumba: nyimbo na programu ni sababu kweli au kisingizio tu?

Kwenye mitumba ya umeme pale Darajani, Unguja, mara moja moja huibuka Nintendo DS Lite ya Kijapani, kile chombo cha mkononi cha kuchezea gemu chenye skrini mbili, nzima, kalamu yake ipo, ila gemu hata moja haina. Mwenye kuinunua anaambiwa hapo hapo atafute kadi ya R4. Kwa asiyeijua, hii ni kadi yenye umbo lile lile la gemu ya DS ila ina tundu la microSD, unaichomeka na memori yako ndani, ukiwasha inakuja menyu ya kadi na kila ulichokiweka unakiona. Na muuzaji hakwambii utapata gemu za wizi, atakwambia utasikiliza kaswida, utaangalia video, utaweka programu za bure. Mie nataka kulipima hilo neno lake tu.

Tuanze na nyimbo na video mana ndo wanazozitanguliza. Zamani lilikuwa neno zito, R4 imeenea mwaka 2007 hivi na wakati ule simu za watu wengi hapa zilikuwa za tochi, kwaiyo kitu kinachopiga mp3 na kuonesha video kwenye skrini mbili kilikuwa si mchezo. Programu yenyewe ilikuwa Moonshell, ya bure, na mpaka leo inafanya kazi. Na wakati ule Unguja ilipokaa giza miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, chombo chenye betri ya kukaa masaa mengi hivyo ukichajia kwa mwenye jenereta kilikuwa na thamani yake. Lakini leo? Video lazima kwanza uigeuze kwenye komputa iwe DPG, aina ya faili ambayo Moonshell inaisoma, iteremke mpaka saizi ya skrini ya 256 kwa 192, sauti spika zake ndogo, na haya yote unayafanya huku simu mfukoni inacheza kila kitu bila ya kugeuza chochote. Anayekwambia mwaka huu ununue R4 kwa ajili ya kusikiliza nyimbo anakuuzia kadi tu, hakuuzii nyimbo.

Programu za watu binafsi, wenyewe wanaziita hombruu, hizo ni habari nyengine na hapa mie nasimama upande wa kadi. DS ina memori ya megabaiti 4 tu na prosesa kubwa yake ni megahezi 67, yani ni kidogo mno kwa vipimo vya leo, na ndo uzuri wenyewe kwa mtu anayejifunza kuandika programu, mana ukizembea unaona hapo hapo chombo kinakwama. Vifaa vya kuandikia, devkitARM na wenzake, ni vya bure na vinakwenda hata kwenye laptopu chakavu, kijana anayesoma komputa SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, au hata wa skuli anaweza kuandika kitu kwa C na jioni akakishika mkononi. Na si mambo ya kuchezea tu, Colors! ya Jens Andersson ilianza 2007 kama hombruu ya kuchora kwenye DS, watu wakiiendesha kwa kadi hizi hizi, na 2012 ikaingia kwenye duka rasmi la 3DS, chombo cha Nintendo kilichokuja baada ya DS, kama bidhaa ya kulipia. Bila kadi kile kitu kisingefika kwa watu.

Sasa upande wa pili, na una nguvu. Mahkama ya Tokyo ilipiga marufuku kuingiza na kuuza R4 Februari 2009, na Julai 2010 Mahkama Kuu ya Uingereza ikasema jambo ambalo linavunja hoja ya muuzaji wetu moja kwa moja: kwamba kadi inaweza kutumika kwa mambo halali si utetezi, ikiwa inavunja kufuli aliyoiweka Nintendo kwenye chombo basi kuiuza ni kosa. Ufaransa mwanzo mahkama ilikuwa upande wa wauzaji, 2009, halafu rufaa ya 2011 ikawageukia. Hizo ni sheria za kwao bila shaka, lakini na sisi tunayo sheria ya hakimiliki ya 2003 na tunao COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar, sema watu wakisikia hakimiliki akili inakwenda kwenye taarab tu. Na hapo ndo pananikera, mtu huyo huyo anayelalamika kwamba wasanii wetu wananakiliwa bure anakuuzia kadi iliyojazwa gemu za watu na bei ya kujaza anaiongeza juu.

Ingawa na Nintendo nao wasitake tuwalilie sana. Gemu mpya za DS hazitengenezwi tena, duka la mtandaoni la 3DS lilifunga kuuza Machi 2023, na aliyeko Wete, Pemba, hata akitaka kulipa kihalali atamlipa nani? Akinunua gemu ya mtumba hawapati hata senti. Hii haifanyi kunakili kuwe halali, ila ile hoja kwamba unawanyima riziki imekuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa 2010.

Jambo jengine ambalo wauzaji hawalisemi, sijui hawalijui au wanalijua wakanyamaza: kadi hii inahitajika hasa kwenye DS ya mwanzo na DS Lite. DSi, iliyoifuata DS Lite, na 3DS zina tundu lao la SD na siku hizi zinafunguliwa kwa memori ya kawaida bila kununua kadi yoyote, hombruu zinaingia, kwaiyo ukiwa na 3DS halafu mtu akakushikilia ununue R4, mwachie mwenyewe.

Na kama ni DS Lite na umeshaamua, angalia unachopewa. R4 ya asili haikubali microSD zaidi ya 2GB, na memori ndogo hivyo sasa kuipata ni kazi. Zilizojaa madukani ni za kuigiza, na baadhi yake zimepangiwa tarehe kabisa, ikifika menyu inagoma kufunguka, watu wanarudisha saa ya DS nyuma au wanabadilisha menyu yake na kuweka YSMenu, menyu nyengine isiyo na tarehe hiyo. Af usisahau kwamba chaja ya Kijapani ni ya volti 100, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma hiyo kadi hutopata hata nafasi ya kuijaribu.